Mto Umejaa, Mvua Iko Wapi? Jinsi ya Kupanga Mradi wa Sayansi

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi nilijikwaa. Kichwa cha mradi wangu wa maonyesho ya sayansi kilikuwa "Mabadiliko ya Tabianchi Duniani." Mwalimu akaniuliza, "Dunia nzima utaipima kwa rula gani?" Darasa likaangua kicheko.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mwezi wa Mei 2024 maji yalizoa shamba letu, tukahamia mwinukoni. Ajabu ni kwamba siku maji yalipopanda, kwetu Garsen hapakuwa na tone la mvua. Basi swali likawa hili: Je, mvua ya Garsen ndiyo inayoujaza mto Tana hapa kwetu?

Haya, mpenzi msomaji, hatua ni hizi.

Kwanza, swali liwe dogo, la kupimika.

Pili, vifaa. Kata chupa ya plastiki iliyonyooka ubavu, pindua kichwa chake kiwe faneli. Tia changarawe chini, mimina maji yazifunike, piga mstari: hapo ndipo sufuri. Iweke mbali na miti na mapaa. Kwa mto, tumia nguzo yenye alama kila sentimita 10, uisome ukiwa juu ukingoni. Usiingie majini! Mamba hajui kama wewe ni mwanasayansi.

Tatu, andika kila siku saa moja asubuhi. Hata sufuri ni jibu.

Nne, chora grafu ya mvua na ya mto, uzilinganishe. Tana huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, ikapitia mabwawa kama Masinga na Kiambere. Kwa hivyo mto waweza kupanda huku kwetu ni vumbi tupu.

Tano, usidai makubwa. Vipimo vya miezi mitatu ni hali ya hewa tu. Tabianchi kwa kawaida hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Tafuta rekodi za zamani za idara ya hali ya hewa. Waulize pia wazee juu ya mafuriko ya 1997, lakini kumbuka kuwa hadithi ya nyanya si kipimo.

Faida yake? Tukijua maji yatoka wapi, hatutangoja mawingu ya Garsen; tutasikiliza redio inasema nini juu ya mvua za bara. Laiti tungalijua hivyo 2024, mbegu zetu tungaliziokoa.

Kichwa kipya mwalimu keshakikubali. Wenzangu, anzeni na kilicho karibu.