Barua Pepe Inapokwama: Maswali na Majibu Kuhusu Viunganishi vya Seva ya Exchange

Microsoft Exchange Server hupokea na kutuma barua pepe kwa SMTP, itifaki ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982, zama ambazo seva iliweza kupokea barua ya yeyote na kuifikisha kokote. Barua taka ziliposhamiri miaka ya 1990, uhuru huo ulibanwa, na kazi ya kuamua nani apite na nani azuiwe ikaachiwa mipangilio ya kila seva. Katika Exchange mipangilio hiyo hukaa kwenye viunganishi, na barua nyingi zinazokwama hukwamia hapo.

Kiunganishi cha kupokea kina tofauti gani na cha kutuma?

Cha kupokea humwangalia anayebisha hodi: anatoka anwani gani ya IP, amefika kwenye poti ipi, na amejitambulisha au la. Cha kutuma humwangalia mpokeaji: barua inakwenda kikoa gani, na ipite njia ipi. Kabla ya kugusa chochote, msimamizi wa seva anapaswa kujua barua imekwama upande upi. Ikikataliwa papo hapo na seva ya ofisi yenyewe, tatizo liko kwenye kupokea. Ikikubaliwa kisha ikalala kwenye foleni, tatizo liko kwenye kutuma. Saa nyingi hupotea kwa kurekebisha upande usiohusika.

Printa inatuma skani kwa wafanyakazi bila shida, lakini ikituma kwa mteja wa nje inajibiwa "550 5.7.54 SMTP; Unable to relay recipient in non-accepted domain". Kwa nini?

Jibu hilo halimaanishi kwamba seva imeharibika. Seva inafanya kazi yake sawasawa. Kiunganishi kinachokuja na Exchange kwenye poti ya 25, Default Frontend, humpokea mtu asiyejitambulisha kwa sharti moja tu: barua yake iwe inakwenda kwenye kikoa ambacho seva inakitambua kuwa chake. Ndiyo maana skani ya mhasibu inafika na ya mteja inakataliwa.

Suluhisho ni kuunda kiunganishi kipya cha kupokea kwa ajili ya vifaa hivyo pekee. Kwenye orodha ya anwani zinazoruhusiwa ziandikwe anwani za printa na mifumo inayohusika, moja moja, si mtandao mzima wa ofisi. Kisha kundi la wasiojitambulisha liruhusiwe, na kwa amri ya Add-ADPermission lipewe ruhusa ya ms-Exch-SMTP-Accept-Any-Recipient. Wengi huishia kuweka alama kwenye kisanduku cha Anonymous users na kushangaa kosa likijirudia. Kisanduku hicho kinaruhusu kuingia tu, na ruhusa ya kutuma nje ni nyingine kabisa.

Viunganishi viwili vinaweza kukaa kwenye poti ya 25 bila kugombana, kwa sababu Exchange humchagulia mgeni kile ambacho orodha yake inaitaja anwani ya mgeni huyo kwa karibu zaidi. Kiunganishi kinachotaja 192.168.10.45 kitashinda kile kinachokubali anwani zote. Ila kiunganishi hicho kipya kiundwe chini ya huduma ya Frontend Transport. Kikiwekwa chini ya Hub Transport kwenye poti hiyohiyo, huduma mbili zitagombea poti moja, na barua zinaweza kuacha kuingia seva ikizimwa na kuwashwa, pengine wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka badiliko lililofanywa.

Inathibitishwaje kwamba kiunganishi kinafanya kazi?

Kwa kuzungumza na seva moja kwa moja. Kwenye kompyuta ambayo anwani yake imeingizwa kwenye orodha, hufunguliwa telnet kwenda poti ya 25, ikaandikwa EHLO, kisha MAIL FROM yenye anwani ya ofisi, kisha RCPT TO yenye anwani ya nje. Seva ikijibu 250 baada ya RCPT TO, njia iko wazi. Ikijibu 550, bado. Jaribio hilohilo lirudiwe kwenye kompyuta isiyo kwenye orodha, na mara hii jibu sahihi ni 550. Jaribio hili la pili ndilo hurukwa, nalo ndilo lenye uzito zaidi.

Kiunganishi kipya pia huja bila kuandika logi. Kiwango chake kikiwekwa Verbose, kila neno kati ya kifaa na seva litabaki kwenye faili, pamoja na jina la kiunganishi kilichompokea mgeni. Mara nyingi logi huonyesha kwamba printa ilipokewa na kiunganishi kingine kabisa.

Barua zinakubaliwa lakini hazitoki. Pa kuanzia ni wapi?

Amri ya Get-Queue huonyesha foleni na kosa la mwisho la kila moja. Exchange iliyosimikwa upya haina kiunganishi cha kutuma kwenda intaneti. Lazima kiundwe, na eneo lake liwe alama ya nyota, yaani vikoa vyote. Kama kipo, cha kukagua baada yake ni DNS ya seva, kisha poti ya 25 kwenda nje, ambayo watoa huduma wengi wa intaneti huifunga. Ikiwa imefungwa, barua zipitishwe kwenye seva ya kati ya mtoa huduma. Makosa yanayoanza na 4 ni ya muda, na Exchange huendelea kujaribu kwa siku 2 kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake. Yanayoanza na 5 ni ya mwisho.

Kosa la 452 4.3.1 halihusu viunganishi: diski au kumbukumbu ya seva imeelemewa.

Hatari kubwa ni ipi?

Seva kugeuka njia ya barua taka za dunia nzima. Hilo hutokea hata kwa msimamizi makini, hasa pale kisawazisha mzigo au faiawoli inapobadilisha anwani za wageni wote wa nje kuwa yake. Anwani hiyo ikiwemo kwenye orodha ya kiunganishi cha printa, kila mgeni wa intaneti ataonekana kuwa printa. Muda si mrefu, anwani ya ofisi huingia kwenye orodha za wanaozuiwa, na hata ankara halali hazifiki.

Je, lazima vifaa viruhusiwe bila kujitambulisha?

Hapana. Printa na mifumo mingi ya kisasa inaweza kutumia poti ya 587 kwa TLS, jina la mtumiaji na nywila, na hapo hakuna kiunganishi cha ziada kinachohitajika. Akaunti hiyo iwe na haki ya kutuma kwa anwani inayoonekana kwenye barua, vinginevyo seva itajibu 550 5.7.60. Njia ya bila kujitambulisha ibaki kwa vifaa vya zamani visivyo na uwezo huo, na kifaa kikiondolewa ofisini, anwani yake ifutwe kwenye orodha siku hiyohiyo.