Nimepona saratani ya matiti, mbona silali wala sicheki?

*Shangazi, nina miaka 44, mama wa watoto wanne, na nauza omena hapa Sindo. Mwaka juzi nilikatwa titi la kushoto, nikafanyiwa kemo Kisumu, kisha miale. Daktari aliniambia nimeshinda, akaniandikia tamoksifeni nimeze kila siku kwa miaka mitano. Tangu Krismasi usingizi umenihama. Usiku joto linanipanda kifuani mpaka shuka linalowa, moyo unaenda mbio, nawaza ugonjwa umerudi. Mchana naanika omena kwenye nyavu halafu nasahau kuigeuza. Juzi mvua ililowesha mzigo mzima nami nimekaa papo hapo nikiuangalia. Mtu wa duka la dawa aliniuzia fluoksetini na Valium, nikazimeza siku chache. Binamu yangu aliye muuguzi Nairobi anasema nisithubutu kuchanganya fluoksetini na tamoksifeni. Nimeogopa, nimeziacha zote, hata tamoksifeni, wiki ya pili sasa. Shemeji yangu naye anasema aliyeponywa saratani akilia anamkufuru Mungu. Nifanye nini?*

*Nyar Gwassi, Sindo*

Nyar Gwassi, tuanze na tamoksifeni. Leo hii piga simu kliniki ya saratani iliyokuandikia, uwaambie hii ni wiki ya pili hujaimeza, wakueleze namna ya kuirudia. Usingoje tarehe yako, na usimeze vidonge viwili viwili ili kufidia siku zilizopita. Naelewa unavyokiona kidonge hicho baada ya kisu, kemo na miale: kama mabaki ya matibabu. Sivyo kilivyo. Hupewa wanawake ambao saratani yao hukuzwa na homoni ya kike, na kazi yake ni kuizuia homoni hiyo isizifikie chembe zozote za saratani zilizojificha. Wengine huambiwa wakimeze hata miaka 10.

Binamu yako amesema kweli, ila hakukumalizia. Tamoksifeni unapoimeza haijawa na nguvu yake yote. Ini huigeuza kuwa endoksifeni, na hiyo ndiyo inayopigana hasa. Ili kuigeuza, ini hutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Sasa fluoksetini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Prozac, pamoja na ndugu yake paroksetini, hukizuia sana kimeng'enya hicho. Unaweza kumeza tamoksifeni yako bila kukosa hata siku moja, na bado endoksifeni ikawa kidogo kwenye damu.

Mwaka 2010 watafiti wa Ontario, Kanada, walitoa matokeo ya wanawake 2,430 waliokuwa wakitumia tamoksifeni pamoja na dawa ya mfadhaiko. Waliotumia paroksetini walikufa zaidi kwa saratani ya matiti, na kadiri walivyozitumia dawa hizo mbili pamoja kwa muda mrefu ndivyo hatari ilivyopanda. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, uliohusu wanawake zaidi ya 16,000, ulitazama kurudi kwa saratani, nao haukuona hatari ikiongezeka. Kwa hiyo wataalamu bado wanabishana. Mimi nasema hivi: maadamu dawa nyingine zipo, kwa nini wewe ndiye ubebe shaka yao mwilini mwako?

Jina la kwanza la kumtajia daktari ni venlafaksini. Kimeng'enya hicho haikigusi sana, na ina faida ya pili inayokuhusu wewe moja kwa moja: imejaribiwa kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, ikaonekana inapunguza lile joto la ghafla linalokulowesha shuka. Huenda nusu ya usingizi wako umeibwa na joto hilo, wala si na mawazo. Lazima upimwe presha kabla na wakati wa kuitumia, kwa kuwa inaweza kuipandisha, na siku ya kuiacha hupunguzwa polepole. Isipopatikana, uliza sitalopramu au esitalopramu, ukimwambia daktari kama umewahi kuwa na shida ya mapigo ya moyo. Setralini iko katikati kwa kukizuia kimeng'enya hicho, na daktari anaweza kuichagua kwa dozi ndogo. Amitriptilini utaikuta hospitali nyingi za serikali. Inaleta usingizi kweli, lakini hukausha mdomo, hufunga choo, na ukizidisha vidonge ni hatari kubwa, kwa hiyo isikae mahali watoto wanapofikia.

Aliyekuuzia fluoksetini simlaumu kwa kuijua hiyo tu. Ni ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Namlaumu kwa kukuuzia bila cheti cha daktari na bila kuuliza swali moja: mama, unameza nini kingine? Na hiyo Valium iweke kando. Hutuliza usiku ule ule, ndiyo maana watu huipenda, lakini mwili huizoea upesi ukaidai. Msomaji mwingine ambaye amekuwa akiimeza kila siku kwa wiki nyingi asiikate ghafla. Aende apunguziwe.

Nauli ya Kisumu isikuzuie. Anzia hospitali ya serikali hapo Sindo, uulizie anayeshughulikia afya ya akili, na ikibidi akuandikie rufaa ya Homa Bay. Weka dawa zote kwenye mfuko mmoja pamoja na maboksi yake, na kama kuna mitishamba uliyochemshiwa, itaje pia bila haya. Useme: "Niko kwenye tamoksifeni, nataka dawa isiyoizuia." Taja siku ya mwisho uliyomeza fluoksetini, maana hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Omba pia upimwe damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea huweza kumlegeza mtu vivyo hivyo. Wenzako waliokwisha koma hedhi na wanaotumia anastrozoli au letrozoli hawana mgongano huu wa CYP2D6, lakini nao wamwonyeshe daktari kila wanachomeza.

Shemeji yako ameniudhi. Katika Biblia, Hana alilia katika nyumba ya Bwana kule Shilo mpaka kuhani Eli akamdhania mlevi, na Eli alipojua ukweli alimwambia aende kwa amani. Sali, na umeze dawa. Mwambie shemeji afuatane nawe hospitalini, amsikilize daktari mwenyewe.

Hukuandika kwamba umetamani kufa, nami sitakuwekea maneno kinywani. Yakija mawazo hayo, yaseme kwa daktari bila kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Usiku ukizidi, piga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Ni bure.

Dawa mpya haitakubadilisha kesho. Siku za mwanzo tumbo laweza kuchafuka na wasiwasi ukapanda kidogo, na nafuu ya moyo huchukua kati ya wiki mbili na sita. Usiitupe wiki ya kwanza ukidhani imeshindwa. Lakini ukiona huzuni inazidi, au moyo unadunda visivyo, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe uliyopewa haijafika.