Chanjo ya Mwenye Kwenda Hija

Ifahamike ya kuwa serikali ya Saudia humtaka kila mwenye kwenda Hija achanjwe homa ya uti wa mgongo, zisipungue siku 10 kabla ya kufika. Amri hii ni moja kwa mtu wa Unguja na kwa mtu wa Migato, bara katika Simiyu. Kwani huko Mina wote watasongamana, na ugonjwa huu huambukiza kwa mate na pumzi.

Huenda mtu akasema: "Mimi ni mzima, na ajali ni ya Mungu." Lakini vijidudu hivi hukaa kooni mwa mzima asihisi kitu, akarudi navyo kwao. Baada ya Hija ya mwaka 2000 waliugua mahujaji, wakaugua na jamaa zao wasiokwenda, hata Uingereza na Ufaransa, na wengine wakafa. Chanjo ya zamani haikuzuia namna ile; ndipo ikaamrishwa hii ya namna 4.

Sayyidna Umar aliposikia tauni imeingia Sham alirejea na watu wake. Akaulizwa: je, aikimbia kadari ya Mungu? Akajibu kuwa aikimbia kwenda kadari ya Mungu. Basi kuchanjwa hakuvunji tawakkuli. Ni kuchunga amana ya watoto walioachwa nyumbani. Wallahu a'lam.