Fundi ameumia jicho, karakana haijasajiliwa

*Nina karakana ya kuchomelea mageti hapa Mbeya, mafundi sita. Juzi cheche ilimjeruhi mmoja jicho. Sijasajili popote, naogopa nikiripoti nitafungiwa. Nifanyeje? — Mwenye karakana*

Ndugu, hofu yako naielewa, ila kunyamaza kutakuumiza zaidi. Matibabu kwanza, jicho halisubiri. Kisha mpe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku saba, na ujisajili. Wengi bado wanadhani mchango ni asilimia 1 ya mishahara. Kwa sekta binafsi ulishapunguzwa, na tangu 2022 ni asilimia 0.5: mishahara ya shilingi 3,000,000 kwa mwezi, unalipa 15,000. Usimkate fundi hata senti. Mzigo huo ni wako.

Karakana isajili OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kama inavyotaka Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Kwa kuwa mafundi wako wanazidi wanne, teua kwa maandishi mwakilishi wao wa usalama.

Leo hii nunua vinyago vya kuchomelea. Miwani ya jua ninayoiona karakana nyingi haiwakingi kabisa.

Familia ikileta madai, muone wakili kabla hujasaini chochote.