Kidonda Kisichopona Ndani ya Wiki Nne
Kijitabu kwa watu wenye ualbino, wazazi na walimu wao

Malalamiko yamekuwa mengi: losheni ya kukinga jua inayotolewa bure haifanyi kazi, inaisha kabla ya tarehe, nyingine imeonekana ikiuzwa gulioni. Kwa hiyo kuanzia sasa chupa mpya haitolewi mpaka mwenyewe afike kliniki, avue kofia, akaguliwe ngozi. Kumtuma ndugu hakuruhusiwi tena. Wapo walionung'unika. Wanung'unike, lakini waje.

Jua lina mionzi isiyoonekana, ya urujuanimno, inayoharibu vinasaba vya seli za ngozi. Madhara yake hulimbikizana tangu utotoni, hadi seli zianze kuzaana ovyo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliithibitisha mionzi ya jua kuwa kisababishi cha saratani tangu 1992. Ngozi nyeusi ina melanini inayochuja sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Mwenye ualbino hana, au anayo kidogo mno. Nchini Tanzania, ambako inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, saratani ya ngozi huwaua wengi wao wakiwa bado vijana. Si laana, wala hawakurogwa.  

Losheni haifanyi kazi kwa anayeipaka mara moja alfajiri kisha akashinda shambani. Hupakwa kabla ya kutoka, kwa wingi, ikarudiwa kila baada ya saa mbili, na tena ukitoka jasho au ukinawa. Mawingu hayazuii mionzi yote. Bila kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu, losheni peke yake haitoshi. Kapelo haifuniki masikio. Mama, mtoto mwenye ualbino usimwanike juani asubuhi hata kama bibi anasisitiza. Mwalimu, usimsimamishe paredini wala kumvua kofia kwa sababu ya sare.

Sasa kidonda, kwani hapa ndipo watu wanapotuangusha. Huanza kama gamba dogo kavu kwenye mdomo wa chini, kwenye pua au nyuma ya sikio, pale mkono wa miwani unapokaa. Taulo likipita, gamba linabanduka, damu inatoka tone moja, kisha panafunga. Wiki ijayo ni vilevile. Hakiumi, ndiyo maana mwenyewe hana haraka. Anapaka dawa ya miti shamba, au krimu ya dukani, au anakificha kwa kitambaa hadi kianze kunuka. Tumesema na tunarudia: kidonda au gamba lisilopona ndani ya wiki nne lipelekwe hospitali, liume lisiume.

Likiwahiwa, huondolewa kwa kugandishwa na naitrojeni ya kimiminika au kwa upasuaji mdogo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Likicheleweshwa, linakula sikio, linashuka kwenye tezi za shingo, na safari inakuwa ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi ya wiki nyingi. Mgonjwa ni yuleyule na kidonda ni kilekile. Kilichobadilika ni tarehe aliyokuja.

Anayestahili losheni ni mwenye ualbino aliyeandikishwa. Masharti mengine yamebandikwa kwenye ubao wa kliniki. Hatusiti kusema kwamba huduma hii ni ya kujivunia: Moshi, katika hospitali ya KCMC, inatengenezwa losheni maalumu kwa ngozi ya wenye ualbino, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zaidi yetu hazijalifanya. Anayeiuza gulioni anauza ngozi ya mtu mwingine, na tukimpata tutamfikisha panapohusika.

Siku ya kliniki njoo bila kujipaka poda wala kufunga kitambaa juu ya kidonda. Mwambie mhudumu kila mahali panapowasha au kutoka damu, hata kama ni padogo kama punje ya mtama, na usiondoke kabla hajakutazama nyuma ya masikio yote mawili.