Vitufe vya Vimondo Katika Matope ya Bahari Kuu

Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia ikizoa matope ya kilindini. Katika udongo mwekundu wa bahari kuu, sumaku ilinasa vitufe vyeusi, vingi vikiwa chini ya milimita 1. John Murray na mwenzake Renard wakasema vimetoka angani. Walijuaje?

Walivunja ganda la kitufe, wakadondoshea kokwa yake myeyusho wa salfeti ya shaba, na kokwa ikavikwa shaba. Ndilo lile jaribio la msumari tulilofanya sekondari. Lilionyesha kuwa ndani mlikuwa na chuma halisi, kitu adimu sana katika miamba ya dunia. Ganda lenyewe ni magnetiti na wustiti: kimondo kikiyeyuka angani, chuma huungana na oksijeni upesi kuliko nikeli, kwa hiyo nikeli hubaki ikijikusanya kwenye kokwa. Nikeli hiyo ni ushahidi mzito, maana ya dunia yetu sehemu kubwa ilizama zamani na chuma hadi kwenye kiini cha sayari.

Vipo pia vitufe vya mawe, vyenye olivini ndani ya kioo. Uwiano wake wa magnesiamu na silikoni unakaribia ule wa vimondo vya kondraiti, lakini sodiamu na salfa karibu zote zimekwenda na mvuke. Hapa kinachokosekana nacho ni ushahidi.

Kwa nini kilindini? Udongo mwekundu huongezeka milimita chache tu kwa miaka 1000, basi vumbi la angani halifunikwi na tope la mito.

Ila umbo la duara peke yake si hoja. Volkano, uchomeleaji na makaa ya mawe hutoa vitufe pia. Mwaka 2023 Avi Loeb wa Harvard alizoa vitufe karibu na Papua New Guinea, akadai kuwa baadhi, vyenye beriliamu, lanthani na urani nyingi, vimetoka nje ya mfumo wa jua. Patricio Gallardo akavilinganisha na majivu ya makaa ya mawe, akaona vinafanana. Loeb alikataa. Mimi ningetaka kwanza kuona alumini-26, isotopu inayotengenezwa na miale ya angani, ambayo imeshapimwa katika vitufe vingine vya kilindini.