Jina na Nambari: Dhima ya Ruta ya Nyumbani

Makala haya yanafafanua jinsi ruta ya nyumbani inavyoshughulikia majina ya tovuti. Kompyuta hutambuana kwa nambari, ilhali binadamu hukumbuka majina. Pengo hilo huzibwa na mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka wa 1983.

Kompyuta ijiungapo na ruta, hupewa anwani yake pamoja na anwani ya kuulizia majina. Aghalabu anwani hii ya pili huwa ya ruta yenyewe, mathalani 192.168.1.1. Hata hivyo, ruta ni tarishi tu. Hulipeleka swali kwa seva ya kampuni inayotoa huduma ya intaneti. Seva hiyo, ikikosa jibu, huuliza seva za mzizi, kisha za .ke ikiwa jina ni la Kenya, hadi iifikie seva yenye mamlaka juu ya jina hilo. Ruta nyingi hulihifadhi jibu kwa muda maalumu ili swali lisirudiwerudiwe.

Tarishi akihongwa, je? Programu hasidi ya DNSChanger, ambayo waendeshaji wake walikamatwa mwaka wa 2011, ilibadilisha anwani ya kuulizia majina katika kompyuta, na hata katika ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani. Mtumiaji aliandika jina sahihi, akafikishwa kwa walaghai.

Wanaisimu hufunza kwamba uhusiano wa jina na kirejelewa chake ni wa makubaliano. Nyumbani, makubaliano hayo hupitia kwenye ruta. Hivyo basi, msomaji mpendwa, ibadilishe nywila yake.